Pasi Isiyoshangiliwa

Kirusho kinachoamua mechi nyingi za frisbii ya vyuo vya Marekani hakifiki hata mita kumi, na mara nyingi hakiendi mbele. Mchezaji amesimama na kisahani mkononi. Mguu wake mmoja hauruhusiwi kuondoka pale ulipo. Mpinzani yuko mbele yake, mikono ameitanua, anamhesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu. Hesabu ikikaribia sita, mwenye kisahani anageuza mabega, anaacha kutazama goli, anamtafuta mwenzake aliyejiweka ubavuni au nyuma yake kidogo. Anampa. Hakuna anayepiga makofi. Timu imepoteza mita nne za uwanja na imepata sekunde kumi mpya, na katika mchezo huu sekunde kumi zina thamani kuliko mita nne.

Nimezitazama timu za vyuo kwa miaka sasa, na kadiri ninavyozitazama ndivyo jicho langu linavyoacha kufuata virusho virefu. Virusho hivyo ni vizuri, sikatai. Kisahani kinachopaa mita sitini, mkimbiaji anakifukuza, anajitupa hewani na kukidaka akiwa amelala sambamba na nyasi: picha ya namna hiyo ndiyo inayosambazwa, na ndiyo inayowavuta vijana uwanjani. Lakini ufundi wa timu nauona kwenye ile pasi fupi ya kurudi nyuma. Hiyo ndiyo inayochukua msimu mzima kutengenezwa, na ndiyo ya kwanza kuvunjika upepo ukivuma.

Mchezo wenyewe unaitwa altimeti. Ni watu saba kwa saba, kwenye uwanja wa urefu wa takriban mita 100 na upana wa mita 37, kila mwisho ukiwa na eneo la goli lenye kina cha mita 18 hivi. Kisahani ni cha plastiki, uzito wake gramu 175. Aliyekishika hakimbii nacho. Anaweza kuzunguka juu ya mguu mmoja tu, na ana sekunde kumi za kukiachia. Kikigusa ardhi, kikitoka nje, au kikinaswa na mpinzani, kinabadilisha wenyewe papo hapo. Goli ni kudaka pasi ndani ya eneo la mwisho, na mechi kwa kawaida huchezwa hadi timu moja ifikishe magoli 15. Refa hayupo. Wachezaji wanajiamulia wenyewe faulo, mipaka na mabishano, na jambo hilo nitalirudia kwa sababu ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Ni mchezo wa wanafunzi tangu kuzaliwa. Ulianza mwaka 1968 katika shule ya sekondari ya Columbia, mjini Maplewood, jimbo la New Jersey. Mwanafunzi mmoja, Joel Silver, yule aliyekuja kuwa mtayarishaji mkubwa wa filamu huko Hollywood, alikuwa amejifunza aina fulani ya mchezo wa kisahani kambini kutoka kwa Jared Kass, akauleta shuleni, na wenzake wakauandikia sheria. Walipomaliza shule wakatawanyika vyuoni, kila mmoja na mchezo wake mfukoni. Tarehe 6 Novemba 1972 Rutgers waliwakaribisha Princeton, wakawafunga 29 kwa 27, mahali palepale ambapo vyuo hivyo viwili vilikuwa vimecheza mechi ya kwanza ya vyuo ya futiboli ya Kimarekani, miaka 103 kamili kabla ya hapo. Mwaka 1975 yakafanyika mashindano ya kwanza ya kitaifa ya vyuo, huko Yale, na Rutgers wakatwaa ubingwa. Hapakuwa na kampuni iliyowasukuma wala shirikisho lililowaita. Hadi leo timu nyingi kubwa ni klabu za wanafunzi: wanachangishana ada, wanakodi magari, wanalala wengi chumba kimoja cha hoteli, na manahodha wa miaka ishirini na mmoja ndio wanaopanga mazoezi.

Timu ninayotaka kukaa nayo hapa ni ya Chuo cha Carleton. Kiko Northfield, mji mdogo wa Minnesota, chini ya saa moja kwa gari kusini mwa Minneapolis. Kina wanafunzi wapatao elfu mbili. Katika kanda yao wanakutana na Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, chenye wanafunzi zaidi ya elfu arobaini, na Chuo Kikuu cha Minnesota ambacho nacho si kidogo. Kwa hesabu ya kawaida, chuo cha watu elfu mbili kingekuja kwenye mashindano hayo kushiriki na kurudi nyumbani. Badala yake timu ya wanawake ya Carleton, Syzygy, ilichukua ubingwa wa taifa mwaka 2000, na timu ya wanaume, CUT, ikauchukua mwaka uliofuata, kisha tena 2009, 2011 na 2017.

Wala si wao peke yao katika eneo lile la baridi. Wisconsin walikuwa mabingwa 2003, 2007 na 2008. Minnesota walikuwa mabingwa 2016. Ukihesabu ubingwa wa wanaume kuanzia 2001 hadi 2017, mara 8 kati ya 17 kombe lilikwenda kwenye majimbo mawili jirani, Minnesota na Wisconsin, ambako theluji hufunika viwanja kwa miezi na Januari hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi ishirini hasi. Wakati huo vijana wa California na Florida wanacheza nje, wamevaa kaptula.

Kuna maelezo mengi yanayoweza kutolewa. Kuna mapokeo, kuna makocha, kuna sekondari za Minnesota ambako mchezo huu umeshika mizizi. Yote yana uzito wake. Mimi hata hivyo naamini sehemu kubwa ya jibu ni dari.

Januari timu za kaskazini zinahamia ndani ya kumbi za michezo. Dari haikuruhusu kurusha mita sitini, na hata ungejaribu, kuna ukuta. Eneo ni dogo, na mara nyingi linagombewa na timu nyingine, kwa hiyo mazoezi huangukia saa ambazo watu wenye busara wamelala. Kilichobaki ni kirusho kifupi. Basi wanakirusha. Wanasimama wawili wawili, umbali wa mita kumi, halafu mmoja anakuja kati kama mkabaji, na mwenye kisahani lazima apitishe chini ya mkono wake, juu ya bega lake, kando ya nyonga yake. Kulia mara mia, kushoto mara mia. Hakuna upepo wa kusingizia. Kisahani kikiyumba, kimeyumbishwa na mkono wako.

Kuna virusho viwili vya msingi. Bekihendi ndicho ambacho kila mtu anakijua, hata mtoto wa ufukweni: mkono unavuka kifua na kufunguka. Fohendi ndicho kinachomtenganisha mchezaji na mpita njia. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinakaa chini ya kisahani, vimebana ukingo wa ndani. Kidole gumba kinakaa juu. Na kazi yote inafanywa na kifundo cha mkono kinachofyatuka ghafla, kiwiko kikiwa kimetulia karibu na ubavu. Anayeanza hutumia bega. Anatupa kwa nguvu zote, na kisahani kinatoka kikitetemeka, kinajilaza ubavu na kuanguka. Nguvu aliyotia haikwenda kwenye mzunguko, na mzunguko ndio unaokishikilia kisahani kisipinduke hewani. Mwenye fohendi iliyoiva anaonekana kama hajafanya lolote: mkono unasogea kidogo tu, na kisahani kinazunguka kwa kasi kiasi kwamba hata ukikitazama kwa karibu unaona kimetulia hewani kama hakizunguki kabisa.

Ujuzi wa pili huja baadaye, nao ni pembe. Ukikiachia kisahani ukingo wake wa nje ukiwa chini, kitapinda kuelekea upande mmoja. Ukiuinua, kitapinda upande wa pili. Mkabaji amesimama mbele yako, akiziba nusu ya uwanja kwa makusudi ili akulazimishe kurushia nusu nyingine, ambako wenzake wanasubiri. Kwa hiyo hata pasi ya mita saba haiwezi kwenda mstari ulionyooka. Lazima itoke nje ya mkono wake na kurudi ndani, itue mbele ya mwenzako anayekimbia, kwenye upande ambao mkabaji wake hayupo, kwa mwendo wa pole kiasi cha kudakika na kasi ya kutosha kiasi cha kutonaswa. Mrushaji ana nusu sekunde ya kuamua yote hayo, na hesabu imeshafika saba.

Hapo ndipo hesabu ya kawaida inapotisha. Tuseme timu inakamilisha pasi 90 kati ya kila 100. Inaonekana nzuri. Lakini goli moja linaweza kuhitaji pasi kumi, na uwezekano wa kufika pasi kumi bila kupoteza ni kama 35 kwa 100 tu. Ukipandisha usahihi hadi 95, unafika 60 kwa 100. Ukifika 98, uwezekano unapanda hadi 82. Tofauti ya timu inayosumbua na timu isiyozuilika iko katika zile pasi nane za mwisho kati ya mia, na pasi hizo nane karibu zote ni fupi, ni za kawaida, ni za kumpa mwenzako pembeni. Januari yote chini ya dari inakwenda kuzitafuta hizo nane.

Kisha wanatoka nje, na upepo unawasubiri.

Msimu wa masika wa vyuo huenda kwa mashindano ya mwisho wa wiki. Mwishoni mwa Januari kuna Santa Barbara. Februari timu zinakwenda Tampa au San Diego. Machi wengine wako Stanford, wengine Texas, wengine pwani ya Carolina. Timu ya kaskazini inaruka au inaendesha usiku kucha, inashuka kwenye uwanja wa nyasi ambao haijaugusa tangu Novemba, na Jumamosi moja inacheza mechi tatu au nne, kila moja karibu saa moja na nusu. Jumapili ni mtoano. Jumatatu asubuhi wako darasani. Carleton mwaka wao wa masomo umegawanyika katika mihula mitatu ya wiki kumi kumi, kwa hiyo wikendi mbili zilizopotea katika muhula mmoja si kitu kidogo. Nimewahi kuona picha za wachezaji wakisoma vitabu vya kemia kando ya uwanja kati ya mechi mbili, miguu imevuliwa viatu, na picha hizo zinanivutia kuliko za magoli.

Gramu 175 ni kitu chepesi mno mbele ya upepo. Ukirusha dhidi ya upepo, hewa inaingia chini ya ukingo wa mbele na kukiinua kisahani. Kinapanda, kinasimama, kisha kinarudishwa nyuma. Ukirusha upepo ukiwa mgongoni, kinakosa kitu cha kukibeba na kinazama kabla ya wakati. Upepo wa ubavuni ukikamata upande wa chini, unakichukua kabisa. Timu pinzani inajua haya, na inabadilisha ulinzi: badala ya kukaba mtu kwa mtu, watatu wanamzingira mwenye kisahani kwa nusu duara, wengine wanatawanyika nyuma yao, na wote wanasubiri achoke au ajaribu kupita juu. Akijaribu kupita juu, upepo unamalizia kazi.

Mabaharia wa jahazi wanaijua hesabu hii. Upepo ukiwa wa omo, hakuna kwenda moja kwa moja. Unapiga bisha, unakata kulia, unakata kushoto, na kila mkato unakupandisha kidogo. Timu nzuri ya altimeti inapanda upepo vivyo hivyo. Kisahani kinakwenda pembeni, kinarudi kati, kinakwenda pembeni ya pili, kinarudi nyuma, tena pembeni. Wale watatu wa nusu duara wanakimbia kila mara kujipanga upya mbele ya kisahani, na binadamu hawezi kukimbia kwa kasi ya kisahani. Baada ya pasi kumi na tano, ishirini, mmoja wao anachelewa hatua moja. Pengo linafunguka, mwenye kisahani analiona, na kwa mara ya kwanza katika dakika nzima kisahani kinakwenda mbele.

Siku za upepo mkali kila timu inafunga ikiwa na upepo mgongoni na inafungwa ikiwa upepo uko usoni, goli kwa goli, kwa sababu baada ya kila goli timu hubadilishana pande. Mechi inaamuliwa na nani ataweza kufunga dhidi ya upepo walau mara moja zaidi ya mwenzake. Goli la namna hiyo linaweza kuchukua dakika nyingi na pasi nyingi kupita goli jingine lolote la siku. Anayeingia uwanjani katikati atadhani timu imepotea, inarudi nyuma tu, haijui goli liko wapi. Mimi ningempata mtu wa kumfundisha kutazama mchezo huu, ningemkalisha hapo kwanza.

Kurudi nyuma kuna hatari yake. Pasi ya nyuma ikirushwa karibu na eneo lako la goli na mpinzani akaidaka ndani ya eneo hilo, ni goli lake papo hapo, bila kurusha hata mara moja. Goli hilo limepewa jina la Henry Callahan, mchezaji wa Oregon aliyefariki akiwa kijana. Jina lake linabebwa pia na tuzo inayotolewa tangu 1996 kwa mchezaji bora wa vyuo, na wanaopiga kura ni wachezaji wa vyuo wenyewe. Hivyo pasi ninayoisifu hapa ndiyo pia inayoweza kukuaibisha kuliko zote. Mchezaji wa mwaka wa kwanza akishajua jambo hilo huanza kuiogopa, na kuiogopa kunamfanya ashikilie kisahani hadi hesabu ya tisa, kisha akitupe mbele kwa kukata tamaa. Kazi ya wakubwa wake ni kumrudishia ujasiri wa kurusha nyuma mapema, hesabu ya tano, wakati nafasi ingali pana.

Mashindano haya ya Februari na Machi yanaonekana ya kirafiki, lakini kila mechi inaandikwa. Matokeo, pamoja na tofauti ya magoli, yanaingia kwenye orodha ya ubora inayotengenezwa na USA Ultimate, chama cha taifa. Fainali za taifa zina nafasi 20 kwa kila kitengo cha daraja la kwanza. Kanda ziko kumi, na kila moja inapata tiketi moja bila masharti. Kumi zilizobaki zinagawiwa kanda kulingana na timu zao zilizo juu katika orodha. Kwa hiyo goli moja lililoachwa liende kizembe Jumamosi ya Februari huko California, mvua ikinyesha na kila mtu akiwaza mechi ijayo, linaweza kuigharimu kanda nzima tiketi moja mwezi Mei. Timu jirani, mahasimu wa kudumu, wanajikuta wakiombeana ushindi miezi mitatu, kisha wanakutana kwenye mashindano ya kanda kugombea tiketi zilezile walizosaidiana kuzipata. Utaratibu huo ni mkali, na nadhani ni wa haki. Unamlazimisha kila mmoja kucheza kwa umakini hata pale ambapo hakuna mtazamaji.

Mashindano ya kanda huwa mwishoni mwa Aprili au mapema Mei. Katika kanda ya Carleton hali ya hewa ya wakati huo haitabiriki: jua asubuhi, baridi mchana, na upepo wa nyanda zile tambarare ambao haukutani na mlima wa kuuzuia. Hapo ndipo kumbi za Januari na viwanja vya Machi vinapokutana mkononi mwa mrushaji mmoja. Ukitazama mechi ya CUT na Wisconsin au Minnesota katika hali hiyo, utagundua kwamba kila upande unajua kila kitu ambacho mwenzake atafanya. Wamekabana tangu mwaka wa kwanza. Kinachobaki ni utekelezaji, na kwa anayependa ufundi hakuna mechi bora ya kutazama.

Nirudi kwenye suala la refa. Mchezaji akiona amechezewa faulo, anapaza sauti mwenyewe, na mchezo unasimama. Aliyeshutumiwa ana njia mbili: kukubali au kupinga. Akipinga na wasielewane, kisahani kinarudi kwa aliyekirusha, na pasi inarudiwa. Katika mashindano makubwa ya vyuo huwapo waangalizi, ambao wanasimamia mistari na muda, na wanaweza kutoa uamuzi wa faulo pale wachezaji wanaposhindwa kukubaliana na kuwaomba. Lakini neno la kwanza ni la wachezaji.

Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa wa kitoto, na ni kweli kwamba unaweza kutumiwa vibaya. Zimekuwapo mechi za vyuo zilizosimama kila dakika, timu mbili zikivutana maneno hadi utamu wote ukaisha. Hata hivyo mfikirie kijana wa miaka kumi na tisa, mapigo ya moyo yako juu, magoli ni 14 kwa 14, rafiki zake ishirini wako pembeni, na anaulizwa: ulimgusa mkono? Lazima akumbuke kilichotokea kwa uaminifu, aieleze sheria kwa usahihi, aseme kwa sauti isiyochochea, na afanye yote hayo ndani ya sekunde chache. Hayo hayaji kwa kuwa na roho nzuri tu. Yanafundishwa. Timu zinazolichukulia jambo hili kwa uzito huwaketisha wachezaji wapya na kitabu cha sheria, na kwenye mazoezi wakubwa wanasimamisha mchezo na kumfanya mdogo aseme alichokiona. Namheshimu mchezaji anayesema "ni kweli, nilikugusa" kwenye fainali sawasawa na ninavyomheshimu mwenye fohendi iliyonyooka, na mara nyingi huwa ni mtu yuleyule.

Fainali za taifa huchezwa mwishoni mwa Mei, katika mapumziko marefu ya siku ya kumbukumbu ya askari. Timu 20 hugawanywa makundi manne ya tano tano. Bingwa anacheza mechi saba au nane ndani ya siku nne. Ifikapo Jumapili jioni miguu imekwisha. Wanaoruka juu hawaruki tena vile, wanaokimbia wanakimbia nusu. Virusho virefu vinaanza kupungua, kwa kuwa hakuna wa kuvifukuza. Timu inayobaki imesimama ni ile ambayo pasi yake fupi haidai miguu mipya, ambayo mrushaji wake akigeuza mabega hesabu ya tano anamkuta mwenzake pale anapotakiwa kuwa, kwa sababu amekuwa pale tangu Januari.

Na kisha nusu ya ujuzi huo inahitimu. Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote kuhusu timu za vyuo. Fundi seremala akishajua kazi yake anakaa nayo miaka arobaini. Mchezaji wa chuo ana miaka minne au mitano, wa kwanza akijifunza kushika na wa mwisho akifundisha. Hakuna anayebaki. Septemba wanaingia vijana ambao wengi wao hawajawahi kurusha fohendi, na wanaowafundisha ni wale waliofundishwa miaka miwili iliyopita. Mnyororo huo ni mwembamba. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifuta fainali za taifa, na fainali zilizofuata zilisogezwa hadi Desemba 2021, huko Norco, California. Katikati hapo kundi zima la wanafunzi liliingia vyuoni bila kuwaona wakubwa wao wakicheza hata shindano moja. Timu zililazimika kufundisha kwa filamu na kwa maelezo kile ambacho siku zote kilikuwa kinarithiwa kwa kusimama mita kumi mbele ya mtu anayejua.

Wanaohitimu hawapotei. Wengine wanajiunga na klabu za Minneapolis, wengine wanakuwa makocha kwingine. Mwaka 2010 fainali zilifanyika Madison, Wisconsin. CUT walifika mechi ya mwisho na wakafungwa na Florida. Mwisho wa wiki huohuo, kwa upande wa wanawake, ubingwa ulikwenda kwa Oregon, na kocha wao alikuwa mhitimu wa Carleton.

Baadhi ya wale waliofungwa Madison walibakiza mwaka mmoja au zaidi. Walirudi Northfield, wakaingia ndani theluji ilipoanguka, wakatoka tena Machi. Mei 2011 walikuwa Boulder, Colorado, kwenye fainali nyingine. Wapinzani wao walikuwa Wisconsin, timu nyingine ya kaskazini iliyokuwa imekaa majira yote ya baridi ikirusha mita kumi kwenda na mita kumi kurudi. CUT walishinda.